Mashine Mbili na Shuka za Mama

Malindi, Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri bila kupumua. Kamba ya uani inadondosha maji na haina nguo hata moja.

Kwa Ami Hamadi, mkubwa wa jamaa zetu tangu alipofariki baba, shikamoo. Kwa Khalati Zuhura, dada wa pekee aliyembakia mama, shikamoo. Kwa kaka Salim, ambaye atayasoma haya akiwa kazini kwake Maskati. Kwa dada Rukia, ambaye kwa haki nilipaswa kumtaja wa kwanza. Kwa wake zetu, na kwa watoto wetu wakubwa mnaoufungua ukurasa huu katika simu zenu: asalamu aleikum.

Ukurasa huu ni shajara yangu. Kwa miaka kadhaa nimeandika humu habari za shule niliyoiongoza, za kustaafu, za miguu yangu inayovimba kila nikikaa sana. Leo sijiandikii peke yangu. Jumatatu, tukiwa tumetoka kumtazama mama hospitalini, Ami alinishika mkono pale langoni akaniambia, "Omari, mashine ya kwanza uliichagua wewe. Ya pili utaichagua wewe vilevile. Tuandikie, na tutakalolisoma tutalifuata."

Naandika uamuzi huo. Lakini siwezi kuufikia kabla ya kusema yaliyotokea, kwa sababu wengi wenu mnayajua nusu, na nusu hiyo mliisikia kutoka kinywani mwangu.

Mama amelala kitandani mwaka wa pili sasa tangu apatwe na kiharusi. Upande wake wa kulia hauna nguvu, ulimi wake ni mzito, akili yake ni nzima kuliko yangu. Hawezi kujizuia haja ndogo. Nepi tulizijaribu, zikamchubua mapaja hadi nyama ikaonekana, na daktari akatukataza. Ikabaki mpira juu ya godoro na shuka juu ya mpira. Shuka nne kwa siku, siku nyingine sita. Aliyezifua zote hizo ni Rukia, kwa mikono, uani, akiwa ameinama juu ya beseni la bati tulilolikuta nyumbani humo.

Mimi nilikuwa nikipita kila jioni. Nilikaa kitini kando ya kitanda, nikamsomea mama magazeti, nikaondoka. Shuka nilizoziona zilikuwa safi zote. Sikuwahi kujiuliza zimesafika vipi.

Kabla ya masika, Khalati Zuhura ndiye aliyeiona mikono ya Rukia. Ngozi ilikuwa imepasuka kwenye viungo vya vidole, na dawa ya madoa ikiingia humo, Rukia alisema, anaisikia mpaka kwenye meno. Ndipo tulipoitana. Mnakumbuka kikao kile. Tulikuwa barazani kwa mama, mlango wa chumba chake ukiwa wazi ili naye asikie, na Salim akiwa kwenye simu iliyowekwa juu ya stuli katikati yetu.

Nilikuja nimejiandaa. Nilikuwa nimesoma siku tatu. Niliwaeleza kwamba mashine za kufulia ziko za namna mbili. Ile ya mlango wa mbele hutumia maji machache na sabuni kidogo, huzisafisha nguo kwa kuziinua na kuziangusha, na hukamua kwa nguvu hata shuka hutoka karibu kavu, jambo la maana sana katika mvua kama hii. Ile ya mfuniko wa juu hunywa maji mengi, huzisokota nguo, na maisha ya shuka ndani yake ni mafupi. Nilisema pia, kwa uadilifu, kwamba ya juu haimlazimu mfuaji kuinama, na kwamba mtu anaweza kuifungua wakati wowote akaongeza nguo au ndoo ya maji. Nikalipitia jambo hilo haraka, kama ninavyopitia hoja ya mtu ambaye nimekwisha kuamua kumshinda.

"Huku kwetu wote wanatumia za mlango wa mbele," Salim akasema simuni.

"Huko kwenu maji yanatoka ukutani," Khalati akamjibu. "Hapa yanatoka kwa dua."

Tulicheka. Kisha Rukia, ambaye alikuwa amekaa karibu na mlango wa mama akikunja foronya, akasema, "Mimi yangu ni moja tu. Iwe inafunguka."

Nami nikamjibu, "Rukia dada yangu, mashine si sufuria ya pilau, uchungulie kila saa."

Mlicheka tena, zaidi ya mara ya kwanza. Rukia naye alitabasamu, akaendelea kukunja.

Nimeirudia sentensi ile mara nyingi wiki hii. Katika kikao kizima, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akifua, na ndiye peke yake niliyemfanyia mzaha.

Sikukomea hapo. Nilipoona nyuso zenu zimekunjuka, nikasimama kufunga kikao, maana nimezoea kufunga vikao. Nikasema kwamba kuanzia siku mashine itakapoingia nyumbani humu, hakuna mkono wa mwanamke utakaotumbukia beseni kwa ajili ya shuka za mama. Ami akasema, "Ahsante, mwalimu." Khalati alifuta machozi. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Mashine ya mlango wa mbele ikaja. Fundi Karisa, yule wa kutoka Kaloleni anayetutengenezea pampu, aliiunga kwenye bomba linaloshuka kutoka tangi la darini. Alipomaliza alisimama akaitazama kwa muda, mikono kiunoni.

"Mwalimu, huyu mgeni ni msomi," akasema. "Lakini mumemwambia kwamba kwetu maji ni ya kuvizia?"

Nilimwambia tangi lipo. Akasema tangi liko chini mno, maji yake yanashuka kivivu, na mashine hii hutaka maji yenye msukumo, ikiyakosa husimama ikangoja. "Itangoja kama mkwe," akasema, akakusanya vifaa vyake. Nilidhani anatafuta kazi ya pili.

Wiki tano ilifanya kazi, kwa kusuasua. Rukia alizichukua shuka kutoka kitandani, akazitia ndani, akafunga mlango. Hakuzisuuza kwanza. Alikuwa akizisuuza siku zote za beseni, kwa maji ya kumimina, kabla sabuni haijagusa nguo. Safari hii aliacha, kwa sababu kaka yake mkubwa alikuwa amesimama mbele ya jamaa zake wote akatangaza kwamba mkono hautumbukii tena, na kulikuwa na mashine ya bei kubwa uani kuthibitisha maneno hayo. Nilimuuliza juzi kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ulikwisha sema."

Halafu ikaja Jumatano ile. Maji ya mfereji yalikuwa hayajaja siku sita, tangi likaisha, mashine ikasimama katikati ya kazi na mlango wake ukiwa umejifunga. Ndani mlikuwa na shuka nne na leso mbili za mama za kusalia. Rukia alizungusha kila kitufe. Aliweza kuziona shuka kupitia kioo, zimelala ndani ya maji ya kijivu, na asiweze kuzitoa. Akanipigia. Mimi nilikuwa Kilifi, kwenye shughuli ya kuposa, nikiwa msemaji wa upande wa bwana harusi. Nikamwambia angoje maji yaje, na kama hayakuja, angoje Karisa, ambaye alikuwa na kazi Vipingo hadi Jumamosi.

Nilimwambia hivyo nikiwa nimeikinga simu kwa kiganja, ili wenyeji wasimsikie akitaja neno mkojo.

Zilibaki shuka mbili. Rukia aliomba ndoo za maji ya kisima kwa jirani, maji ya chumvi, akalitoa beseni, akazifua mbili hizo kwa mikono kama zamani. Moja kitandani, moja juu ya jiko la makaa ikikauka, kwa siku tatu.

Karisa alikuja Jumamosi. Aliifungulia mashine kwa chini, kwenye kifuniko kidogo ambacho sikujua kama kipo, maji yakatoka, mlango ukaachia. Harufu iliyotoka humo sitaiandika. Karisa hakutania siku hiyo. Alizitoa shuka mwenyewe, akaziweka kwenye karai, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama mwenyewe yu hali gani?" Nikamwambia hajambo.

Jumapili asubuhi mama hakuamka alipoitwa. Alifumbua macho, yakazunguka, yakafumba. Midomo ilikuwa imekauka kama karatasi. Tulimpeleka hospitalini ndani ya gari la Ami, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja ya Rukia. Daktari, binti mdogo kwa umri mwenye uso uliochoka, alimfinya ngozi ya mkono akaiona imebaki imesimama. Akatuuliza mgonjwa amekunywa maji lini mara ya mwisho.

Hakuna aliyejua. Rukia akasema kila akimpa glasi mama alikuwa akisema ameshiba. Ameshiba maji.

Daktari alisema mwili umekauka na figo zimeumia. Ameingiziwa maji kwa mshipa siku tano. Figo zimerudi kiasi. Nilipomuuliza zitarudi zote, daktari alitazama faili badala ya kunitazama mimi.

Hayo ndiyo mliyoyajua. Linalofuata ameniambia mama mwenyewe, Jumanne ya wiki hii, wakati Rukia alipokwenda kula. Amenipa ruhusa niwaambie. Alisema, "Waambie wewe, unajua kusema." Hakuwa akinisifu.

Nilikuwa nimemkalia karibu, nimeshika gazeti. Akaniambia nilikunje.

"Omari, mimi sijasali."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ile mashine."

Nilifikiri ulimi umempotea. Akasema polepole, neno moja moja, kwamba shuka zikiingia mle ndani na najisi yake, hajui maji yamepita mara ngapi juu yake, hajui yaliyotoka yalitoka safi au machafu, na Rukia akimuuliza naye hajui, kwa kuwa mlango haufunguki. Basi aliuona mwili wake umelala juu ya najisi usiku na mchana. Alijaribu kusali, moyo ukakataa. Wiki tano.

Nikamkumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa, husali kama awezavyo. Natamani nisingalimkumbusha.

"Ruhusa naijua tangu hujazaliwa," akasema. "Ruhusa ni ya asiye na mtu. Mimi nina watoto."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema mlango wake ulikuwa wazi siku ile ya kikao. Alinisikia nikitangaza na alisikia mlivyofurahi. Hakutaka kuniaibisha mbele ya watu.

Kisha akanieleza habari ya maji ya kunywa. Zile siku tatu ambazo mashine ilizifungia shuka, Rukia alipozisuuza mbili zilizobaki kwa mkono, mama aliyasikia maji yakimwagwa uani. Aliyahesabu. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akajua shuka hizo ni safi, safi kwa yakini, na kwamba zilikuwa mbili tu. Akaamua asinywe ili asizilowanishe. Alisali siku tatu mfululizo, vipindi vyote, juu ya shuka kavu, kwa ishara za macho na kidole cha mkono wa kushoto. Akasema hakuwahi kusikia raha kama hiyo tangu augue.

Siku tatu alizokauka ndizo siku tatu alizofurahi. Sina namna ya kuliandika hilo likawa jepesi.

Nilitoka nje ya wodi nikamkuta Khalati Zuhura ukumbini pamoja na Ami. Nikawaeleza. Nilitaka Khalati aniambie mashine ipi inatoharisha na ipi haitoharishi, nipate kosa ambalo lingelikuwa la chuma. Hakunipa.

"Omari, mashine haina dhambi," akasema. "Najisi iondoke kwanza kwa mkono, kisha shuka imiminiwe maji safi mpaka uyaone yanatoka yalivyoingia. Ukimaliza hapo, itie utakako. Mbele, juu, ubavuni."

Kwa hiyo jambo tulilolijadili barazani kwa mchana mzima halikuwa jambo lenyewe. Mashine ya mbele au ya juu, zote mbili huja baada ya mikono. Tulikuwa tukitafuta chombo kitakachotuondolea swali la nani atakayeishika shuka ya mama ikiwa bado na joto la mwili wake. Tulichagua kinachojifunga.

Nikasema pale pale ukumbini kwamba kazi ya kusuuza tutagawana, wanaume tukiwamo. Ami akakunja uso. "Mwanamume hafui shuka za mamake. Ni sitara yake mama ile."

Rukia alikuwa amerudi na sahani yake imefunikwa. Hakuinua sauti.

"Ami, za Omari na Salim mama alizifua miaka. Hakuuliza kama ni za kiume."

 Mwisho Ami akasema, "Basi ataingia nani chumbani?" Rukia akajibu kwamba haingii mtu. Yeye atambadilisha mama, mlango umefungwa, na ndoo ataiweka nje ya kizingiti. Wa nje ataichukua ndoo. Sitara ya mama ataitunza yeye, uzito wa ndoo tuubebe sisi.



Jana na leo nimejifunza. Rukia alinifundisha uani kwa mama, chini ya bati, mvua ikipiga. Shuka iliyoloa ni nzito mno; sikujua. Huishiki katikati, unaanzia pembeni, unaikusanya hadi penye doa, unamimina kwa mkono wa kushoto na kusugua kwa wa kulia. Nilipomaliza ya kwanza akaitazama akasema, "Tena." Nilipomaliza ya pili akasema, "Mwalimu, unaisugua kama unafuta ubao. Tena." Ya tatu aliipokea bila neno. Vidole vyangu vinawasha ninapoandika. Vyake vimewasha mwaka mzima na zaidi.

Naogopa. Nimesema kila nilichoombwa niseme katika mji huu, kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye siku za wazazi shuleni, na mama yangu mzazi aliona heri akauke kuliko kunisahihisha. Sijui ni nani mwingine aliyewahi kukaa kimya kwa sababu nilikwisha sema. Na sijui mama amebakiwa na siku ngapi za sisi kujirekebisha.

Sasa uamuzi, kama mlivyoniagiza.

Mashine ya mlango wa mbele itatoka kwa mama. Si mbaya, imewekwa penye maji yasiyoiweza. Itakwenda kwa Ami Hamadi, ambako pampu inasukuma na ambako hakuna mgonjwa, na Karisa ataihamisha Jumamosi.

Kwa mama nimenunua ya mfuniko wa juu, ile ya beseni mbili, moja ya kufulia na moja ya kukamulia. Haina ujuzi wowote. Haingoji msukumo wa bomba. Maji yake yanatiwa kwa ndoo, na mfuniko unainuliwa wakati wowote. Itakula maji mengi, na ndoo za kutosha zitajazwa kila siku mfereji ukija. Imewekwa uani, mkabala na dirisha la mama. Aliyeichagua ni Rukia. Mimi niliibeba.

Hakuna shuka itakayoingia humo kabla haijasuuzwa kwa mkono, mara tatu, kwa maji ya kumimina. Zamu ni hizi. Ijumaa na Jumamosi ni zangu. Jumapili ni ya nyumba ya Ami, na Ami ameniambia kwamba atakuja mwenyewe walau mara moja ajue. Jumatatu ni ya mabinti wa Khalati. Jumanne na Jumatano ni zako, Salim: wanao wawili walioko Kilifi ni watu wazima, watapanda gari waje, na wewe ukija likizo utazishika mwenyewe. Alhamisi ni ya mke wangu na mwanangu, kwa pamoja. Mwenye zamu asimtume mkewe peke yake, wala asimlipe mtu. Rukia hana siku. Kazi ya Rukia ni kumbadilisha mama na kumpa maji ya kunywa, glasi kwa glasi, na kumwambia kila mara, kwa ukweli, kwamba shuka ipo nyingine safi.

Mama anatoka hospitalini kesho saa nne. Nataka kila aliyeko Malindi awe uani kwa mama saa moja asubuhi, mikono ya nguo imekunjwa, ili tusuuze pamoja shuka zote za nyumba ile, za kabatini na za kitandani, tusijidanganye ipi ilipita mle ndani na ipi haikupita. Anayepinga, aje apinge akiwa ameshika ndoo.